Malkia niliyelishwa

Ukurasa wa mwisho wa daftari langu la vipimo una vitu viwili. Juu nimeandika mimi: sketi ya shule, kiuno 26, shusha pindo inchi 2. Chini yake kuna hatua saba za mchezo wa chesi, kwa penseli, na mwandiko ni wa binti mwenye sketi. Mchezo huo nilifungwa. Leo ni siku ya tisa tangu nifungwe, na nataka niueleze wote, maana ndani yake nimeona jambo ambalo miaka ishirini ya drafti haikunionyesha.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini. Tuko mafundi wanne kwenye baraza la duka la vitambaa, na hatua chache mbele yetu, chini ya mti, pana kijiwe cha drafti. Nimekulia kijiwe hicho. Vizibo 12 vya soda upande huu vimelala chali, 12 upande ule vimelala kifudifudi, ubao umechorwa kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha plaiwudi. Wanaonijua wanajua kwamba mchana nikiacha mashine na kukaa pale, mtu anajifikiria kwanza kabla ya kukaa mbele yangu.

Chesi ilinijia mwezi wa nne, wakati wa masika. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alileta suruali tatu za kupunguza, mvua ikamzuia barazani saa nzima, akatoa seti kwenye begi akanielekeza kila kete inavyotembea. Alipoona nimependa, akaniachia seti ile. Ubao ni wa miraba 64 kama wa drafti, ila kwenye drafti tunatumia nusu tu, ile myeusi. Huku unatumia yote. Nikawafundisha wenzangu kijiweni, na kwa kuwa wote tulitoka kwenye drafti, niliwafunga. Mwezi wa sita ulipoisha nilikuwa naamini nimeshauelewa mchezo.

Jumamosi ile ilikuwa siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Mafundi wenzangu wanajua siku hizo zilivyo: sare zimerundikana hadi chini ya meza, kila mzazi anataka yake jioni hiyo hiyo. Baridi ya mwezi wa saba, mlima umejifunika tangu asubuhi. Akaja binti wa kidato cha pili na sketi yake, amerefuka likizoni na sketi imepanda juu ya goti.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo, nusu saa tu."

Akaiona seti juu ya rafu, kati ya makoni ya uzi. Akauliza ya nani. Nikamwambia ni yangu, nikamuuliza kama anajua. Akasema anajua kidogo, shuleni kwao wanacheza. Mzee wa kahawa alikuwa ametua birika lake pembeni, dereva wa bodaboda na wengine wawili wakasogea. Nikamwachia mwenzangu pindo la sketi, nikapanga kete.

Yeye alichukua nyeupe. Askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili. Nami vile vile. Akatoa farasi kwenda f3 (herufi ni safu ya wima, a hadi h kuanzia kushoto kwa mwenye nyeupe; namba ni mstari wa kukata, 1 hadi 8 kuanzia upande wake), anamlenga askari wangu wa e5. Nikamlinda kwa askari wa d6. Akatoa askofu hadi c4. Hapo nikafanya hatua niliyokuwa naipenda kuliko zote: askofu wangu nikampeleka g4, akamkabili farasi wake. Nyuma ya farasi yule kwenye mstari uleule wa mshazari alikaa malkia wake. Farasi akiondoka tu, malkia yuko wazi. Nikaona nimemfunga kamba.

Hatua ya nne akatoa farasi wa pili, c3. Mimi nikasukuma askari wa pembeni, h6, mraba mmoja.

Kwenye hatua ya tano akamnyanyua yule farasi niliyedhani nimemfunga, akamla askari wangu wa e5.

Sauti ya kijiwe ilipanda. "Malkia! Malkia huyo!" Mkono wangu ulikwishafika. Askofu wangu akapita moja kwa moja hadi d1, nikamwondoa malkia wake ubaoni, nikamweka karibu na kopo la vifungo. Nakumbuka vizuri ule uzito mdogo wa kete vidoleni. Nakumbuka pia kwamba binti hakushtuka, hakunitazama, macho yake yalikuwa upande mwingine kabisa wa ubao.

"Cheki," akasema, yaani mfalme wangu anashambuliwa. Askofu wake alikuwa amemla askari wangu wa f7, amesimama ubavuni mwa mfalme. Nikataka kumla: hapana, farasi wa e5 anamlinda. d7: farasi huyo huyo anapaona. Palikuwa na mraba mmoja tu wa kukimbilia, e7. Nikaenda.

Akamleta farasi wa pili katikati, d5. "Chekimeti, fundi." Mchezo umekwisha.

Niliukagua ubao hadi mzee wa kahawa akaondoka na birika lake. Malkia wangu yuko nyumbani, ngome zangu zote mbili ziko nyumbani, kete yake kubwa kuliko zote iko pembeni ya kopo la vifungo. Na mfalme wangu hana pa kukanyaga. Farasi wawili na askofu mmoja wamemzunguka kama waliopima kwa futi.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike haya. Hakukusanya kete. Alizirudisha zote mahali pa kuanzia, akauchezesha mchezo mzima upya peke yake, hatua kwa hatua, akasimama kwenye ile ya tano.

"Fundi, hapa ulikuwa unaona nini?"

"Nilimwona malkia."

"Na farasi wangu alipoondoka, ulimwona anaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaomba penseli, akaandika hatua zote saba kwenye daftari langu, akaniambia huu unaitwa mtego wa Légal, kwa jina la Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa akicheza kwenye Café de la Régence kule Paris, mwalimu wa Philidor, mchezaji mashuhuri wa chesi wa zama hizo. Akavaa koti lake, akachukua sketi, akalipa, akaaga. Kijiwe kikarudi kwenye vizibo. Mimi nikarudi kwenye sare, na hadi saa mbili usiku nilikuwa nashona huku hatua ya tano inanizunguka kichwani.

Sasa nieleze jambo lenyewe, na wacheza drafti wanisome taratibu hapa.

Kwenye drafti kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikikaa mbele ya yako na nyuma yake pako wazi, unaila, upende usipende. Ufundi wetu wote umejengwa juu ya sheria hiyo. Unamlisha mwenzako kete moja, anaila kwa kuwa hana namna, halafu wewe unakula tatu na unatokea kwenye kingi. Nimelisha watu maisha yangu yote. Nami nimelishwa mara nyingi, na nilipolishwa nilijilaumu kwa hatua zilizonifikisha hapo, kamwe sikujilaumu kwa kula. Anayelishwa kwenye drafti hana uamuzi.

Kwenye chesi hakuna anayekulazimisha kula, isipokuwa pale ambapo kula ndiyo njia pekee ya kumwokoa mfalme. Nilikuwa naijua sheria hiyo. Mwalimu aliniambia siku ile ya mvua. Lakini kichwa kiliijua, mkono haukuijua. Mkono wangu una miaka ishirini ya kula kilicho mbele yake, na malkia yule alipobaki wazi ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye kanyagio la cherehani bila mimi kuutuma mguu. Binti hakunilazimisha. Alinilisha, nami nikala kwa hiari yangu nikidhani sina hiari.

Usiku ule nyumbani niliweka ubao kitandani na daftari pembeni. Niliamua kuufumua mchezo kama ninavyofumua nguo. Mtu asiyeshona akiona shati linavuta begani anadhani kosa liko begani. Fundi anajua kosa la begani mara nyingi liko kwenye kukata kwapa, na limefichwa chini ya mishono mitatu. Ukishona upya bega bila kugusa kwapa, shati litavuta vilevile, na sasa kitambaa kimechoka kwa sindano. Kwa hiyo unafumua kutoka mwisho kurudi mwanzo, mshono mmoja mmoja, na kila mshono unauuliza: ni wewe?

Hatua ya sita, mfalme kwenda e7. Si wewe, hukuwa na njia nyingine.

Hatua ya tano, kumla malkia. Huyu ana kosa, hilo kijiwe kizima kiliona. Lakini nilitaka kujua ningefanya nini badala yake. Nikampanga farasi wake pale e5 na kujaribu kumla kwa askari wangu wa d6. Basi malkia wake anamla askofu wangu wa g4. Hesabu: amenilia askari na askofu, nimemlia farasi. Askofu na farasi thamani yao ni karibu sawa, kwa hiyo nimepungukiwa askari mmoja. Hakuna chekimeti. Mchezo unaendelea, mrefu, mimi nikiwa nyuma kidogo.

Hapo nilikaa muda. Mlango wa kubaki hai ulikuwepo, na bei yake ilikuwa askari mmoja. Mbele yangu palikuwa na hasara ndogo ya kukubali na faida kubwa ya kunyakua, na ile hasara ndogo hata sikuitazama. Nilipoliona hilo nilikumbuka kazi moja ya Desemba. Mteja aliniletea kitambaa cha pamba cha magauni sita, na malipo ya nusu mkononi, anataka haraka. Kuroweka pamba kabla ya kukata kungenichukua siku moja, siku moja tu ya kuchelewa. Nilipokea pesa, nikakata kikavu. Magauni yalipofuliwa mara ya kwanza yakanywea, na nilishona mengine sita kwa kitambaa cha pesa yangu. Mkono ni ule ule.

"Zima taa ulale," mama watoto akasema. "LUKU imebaki uniti nne."

Nikazima.

Usiku wa pili nilifika hatua ya nne, yule askari wa h6. Kwa nini nilimsukuma? Nilijiuliza kwa dhati, maana wakati wa kucheza sikufikiri hata sekunde tano. Na jibu nililipata: niliogopa farasi wake wa f3 asije akaruka hadi g5 na kuikaribia f7. Nikalitamka kwa sauti, na hapo hapo nikasikia lilivyopinda. Hatua ya tatu nilimpeleka askofu g4 kwa kuamini farasi yule hawezi kuondoka. Hatua ya nne nikatumia zamu nzima kumzuia asiondoke. Nilikuwa naamini mambo mawili yanayopingana ndani ya dakika moja, na sikuona.

Usiku wa tatu ndio ulionipa zawadi. Nilirudisha kete hadi hatua ya nne, na badala ya kumsukuma yule askari wa woga, nikamtoa farasi wangu kutoka b8 kwenda c6. Hatua ya kawaida, hatua ambayo mtoto anafundishwa siku ya kwanza: toa kete zako nyumbani. Kisha nikauchezesha mtego ule ule. Farasi wake anamla askari wa e5. Malkia wake yuko wazi. Mkono wangu ukataka kwenda. Nikauzuia, nikatazama upande mwingine wa ubao, kama alivyokuwa akitazama yeye.

Farasi wangu wa c6 anaweza kumla farasi wake pale e5. Na akishasimama e5, anamlinda askofu wangu wa g4, na papo hapo anamtishia askofu wake wa c4. Malkia akimla askofu, farasi wangu anamla malkia. Mtego wote umevunjika. Amepoteza farasi kwa askari mmoja, nami sijamgusa malkia wake.

Nilisimama katikati ya chumba na ile kete mkononi. Mtego haukuwa na nguvu ya peke yake. Ulipewa nguvu na zamu moja niliyoitumia kwa woga, na wala si pale kijiwe kilipopiga kelele. Kijiwe kilikuwa kimya nilipofanya kosa langu la kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetulia, nimeridhika, natazama kidole changu kikimsukuma yule askari mraba mmoja.

Wiki hiyo, mashine ikiwa haina uzi au mteja akichelewa, nilikuwa nasoma kwenye simu habari za wachezaji wakubwa. Nilichoona ni kwamba nao walifungwa, na kufungwa kwao kumeandikwa hatua kwa hatua, kila mtu anaweza kusoma. Capablanca wa Kuba alikaa bila kufungwa tangu mwaka 1916 hadi 1924. Miaka minane. Aliyemfunga, Réti, mchezo wao uko wazi hadi leo. Lakini aliyenigusa ni Mikhail Botvinnik wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1960, akiwa bingwa wa dunia na umri wa miaka 48, alinyang'anywa ubingwa na kijana wa miaka 23, Mikhail Tal, kwa alama 12 na nusu kwa 8 na nusu. Tal alikuwa mlishaji hasa. Anakutupia kete ubaoni, na wengi walikula wakapotea. Botvinnik alikuwa na tabia ya kuichambua michezo yake kwa maandishi na kuichapisha ili wengine wamkosoe. Mwaka uliofuata wakarudiana, akashinda 13 kwa 8. Nilizisoma namba hizo mara kadhaa barazani, chaki mkononi. Mtu wa rika langu, kafungwa na kijana hadharani, kakaa chini na makosa yake mwaka mzima.

Jumamosi iliyofuata binti alikuja tena, safari hii na shati la kaka yake. Sikusubiri aulize. Nilishapanga kete, na nyeusi nikaziweka upande wangu.

"Tuanze vilevile?" akauliza.

"Vilevile."

Hakunifanyia mtego ule. Hatua ya tatu alisukuma askari hadi d4, tukaenda njia nyingine kabisa, na kwa dakika chache nilijisikia kama niliyesoma usiku kucha halafu mtihani ukaja wa somo jingine. Lakini farasi wangu wote wawili walitoka mapema. Mfalme nilimficha mapema. Kijiwe kilikuwa kimejaa, mzee wa kahawa alimimina vikombe bila kutazama anapomimina.

Hatua ya 12, malkia wangu akiwa b6, niliona askari wake wa b2 hana mlinzi. Yuko pale tu. Dereva wa bodaboda aliona kabla yangu, maana nilimsikia akivuta pumzi. Na sheria ya kijiwe, kama ya chesi, ni kwamba ukiigusa kete umeicheza.

Niliingiza mikono yote miwili chini ya meza ya mashine. Nikaishika kwa nguvu ile mbao ya chini, pale penye mafuta ya cherehani. Nikatazama askari, kisha nikayaondoa macho kwake kwa makusudi, nikaanza kuwauliza kete zake mmoja mmoja: wewe unaenda wapi? Na wewe? Farasi wake alikuwa c3. Nikamwona akiruka hadi a4, na malkia wangu, akiwa amejichimbia kule b2, hana pa kutokea.

Nikamwacha askari. Nikahamisha ngome yangu kwenye mstari wa katikati. Binti aliinua macho kutoka ubaoni kwa mara ya kwanza tangu tuanze kucheza, akanitazama, akarudi kwenye kete zake bila kusema neno.

Alinifunga tena. Safari hii hatua ya 34, wafalme wawili na askari wachache, askari wake akafika mwisho wa ubao zamu moja kabla ya wangu. Alipomaliza aliandika yote kwenye daftari, ukurasa mpya, mistari imejaa hadi chini. Kwenye hatua yangu ya 27 akaweka alama ya kuuliza, akaipigia mstari.

"Usiniambie," nikamwambia.

"Sikuambii, fundi. Shati la kaka ni lini?"

"Jumatano."

Shati nimelimaliza jana usiku na nimelikunja liko kwenye rafu. Leo mwanga wa jua bado upo kidogo, nafunga mashine mapema. LUKU nimenunua. Naanzia hatua ya 34 kurudi nyuma.